Waacheni walimu waseme "sijui"

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mmoja wa Mjini, Unguja, ambaye barua yake uliitoa hivi karibuni. Alilalamika kuwa mwanawe alimuuliza mwalimu suali darasani, na mwalimu akajibu, "Sijui, na sidhani kama yupo anayejua sawasawa." Msomaji huyo akasema mwalimu wa namna hiyo hafai kusimama mbele ya watoto, kwamba zama hizi kila suali lina jibu na jibu limo kwenye simu, na kwamba hii "siri ya Mungu" yetu ndiyo iliyotuweka nyuma.

Mimi ni mwalimu. Asubuhi nasomesha sayansi skuli ya msingi hapa Wete, na baada ya laasiri nasomesha chuoni. Watoto wengi ni wale wale; wamekwenda kwao wakala, wakavua sare, wakarudi na kanzu na mitandio na misahafu yao. Kwa hiyo masuali ya watoto hunijia asubuhi na jioni, kutoka vinywa vile vile, na yapo ambayo nayajibu kwa kusema sijui. Nasema kwa sauti, darasa zima lisikie.

Kwanza nimpe msomaji haki yake. Wapo walimu, na wapo masheikh, wanaojificha nyuma ya siri ya Mungu kwa uvivu tu. Mtoto akiuliza kwa nini maji yanakupwa na kujaa, akaambiwa ni siri ya Mungu, mtoto huyo kadhulumiwa. Maji yanavutwa na mwezi na jua. Mvuvi wa Kojani ambaye hakukaa skuli hata mwaka mmoja anajua kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu huja katikati, na kitabu cha sayansi kinaeleza sababu. Kipindupindu nacho si siri: ni maji yaliyoingia kinyesi. Mwenye kupanda mimbari au kusimama mbele ya ubao akayaita hayo ghaibu, nitampinga mimi kabla ya msomaji wako. Na mwalimu asiyejua jambo kwa sababu hakusoma, aende akasome usiku, kesho arudi na jibu. Hapo hatugombani.

Tunagombana kwenye lile suali ambalo umelisoma mpaka mwisho wa vitabu na mwisho wake ukalikuta lingali wazi.

Mwaka jana tuliwapeleka watoto wa darasa la tano Misali. Tuliondoka Wesha kwa mashua, maji yamejaa, wengine wanaimba, wengine wanatapika. Nilikuwa nimejitayarisha kusomesha matumbawe. Tulipofika, mlinzi wa kisiwa akatuita pwani akatuonesha mahali alipopanda kasa usiku uliopita. Alama zake zimetoka majini moja kwa moja hadi chini ya vichaka, huku na huku kama za tairi la trekta, na katikati mfuo mwembamba wa mkia. Juu pale mchanga umefukuliwa na kufukiwa, halafu alama nyengine zimerudi baharini kwa njia ya pembeni. Mlinzi akawaeleza jinsi mama anavyochimba kwa mapezi ya nyuma, moja linachota, jengine linasubiri, kwa zamu, bila ya kugeuka kutazama. Anavyotaga mayai mia na zaidi. Na jinsi machozi yanavyomtoka muda wote ule. Nikaongezea kwamba yale machozi ni chumvi, kwamba kasa ana tezi karibu na jicho inayotoa chumvi ya maji ya bahari aliyoyanywa. Nikawaambia pia kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua vifaranga watakuwa majike au madume: mchanga wenye moto zaidi hutoa majike.

Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu kajuaje kurudi hapa?"

Nikampa yote niliyonayo. Kwamba kasa jike hurudi kutaga kwenye pwani za kule kule alikozaliwa, baada ya miaka ishirini, thelathini na hata zaidi. Kwamba wataalamu wamefanya majaribio wakaona kasa huhisi sumaku ya dunia, na kwamba sumaku hiyo inatofautiana kutoka pwani hadi pwani, kwa hiyo pwani yake ina alama ambayo anaweza kuikumbuka. Watoto wakafurahi. Msichana hakuridhika. "Sumaku anaihisi kwa kiungo gani? Jicho? Pua?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia pia kwamba wanaolitafuta jibu hilo katika vyuo vikuu vya dunia bado wanabishana: wapo wanaodhani ni chembe za chuma ndani ya mwili wa mnyama, wapo wanaodhani ni kemikali iliyomo machoni, na hakuna aliyemaliza mabishano.

Natamani msomaji wa Mjini angekuwepo aone kilichofuata. Watoto walinyamaza kidogo, kisha wakaanza kutafuta. Mmoja akalala kifudifudi juu ya ile njia, akatia pua mchangani, akavuta pumzi, aone kama pana harufu. Wawili wakasimama penye vichaka wakageukia bahari na kufumba macho, wakijaribu kuhisi upande upi ni kibla. Yule msichana akaninong'oneza, "Mwalimu, ni chumvi, lakini pengine na kulia analia pia?" Nikamwambia hata hilo sijui namna ya kulipima. Tungepata jibu la dakika moja kutoka kwenye simu, tungekwenda moja kwa moja kula mikate ya kumimina tuliyoichukua, na kasa angekwisha pale pale.

Wazee wa Pemba wana kisa chao juu ya kisiwa kile. Wanasema Nabii Khidhr alifika Misali akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema kisiwa chenyewe, kwa vile kimeelekea kibla, kitakuwa mfano wa msala. Ni simulizi ya wazee na chuoni naisomesha kama simulizi. Lakini sishangai kwamba wazee wetu, kati ya watu wote, walimchagua Khidhr kumpandisha Misali. Yeye ndiye aliyemfundisha Nabii Musa mpaka wa elimu.

Suratul Kahf tunaisoma kila Ijumaa, na sijui kama tunasikia inachotwambia. Vijana wa pangoni walikuwa wangapi? Aya inataja watu wanaosema watatu na wa nne wao mbwa wao, na wanaosema watano na wa sita mbwa wao, ikasema hao wanakisia wasiyoyajua. Ikataja na wanaosema saba na wa nane mbwa wao. Kisha Mtume (S.A.W.) akaamrishwa aseme: Mola wangu ndiye ajuaye zaidi idadi yao. Ingekuwa jambo jepesi kututajia nambari hapo hapo tukamaliza. Hatukutajiwa.

Na kisa cha Musa mwenyewe, kama kilivyo katika hadithi ya Bukhari, kinaanza na suali. Musa alisimama akiwahutubia Bani Israil, akaulizwa nani mjuzi zaidi katika watu, akasema, "Mimi." Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kutorejesha elimu kwake, akamtuma kwa Khidhr. Na Musa ni Mtume aliyesemezwa na Mola wake! Watoto wangu wa chuoni, ambao baba zao wengi ni wavuvi, hukipenda kisa hiki kwa sababu ya chombo. Khidhr anatoboa chombo cha maskini wanaofanya kazi baharini; mtoto wa Pemba anajua kutoboa chombo ni nini, anajua ubao mmoja ni pesa ngapi, kwa hiyo hukasirika pamoja na Musa. Hukaa na hasira hiyo mpaka mwisho, pale tunapoambiwa kuwa mbele yao palikuwa na mfalme anayenyang'anya kila chombo kizima.

Mimi hupenda zaidi kitu kidogo kilichotangulia, ambacho kimo kwenye hadithi. Walipokuwa chomboni alikuja ndege akatua ubavuni, akachovya mdomo wake baharini mara moja au mbili. Khidhr akasema: Ewe Musa, elimu yangu na elimu yako haikupunguza elimu ya Mwenyezi Mungu ila kama alivyopunguza ndege huyu kwa mdomo wake katika bahari hii. Nikifika hapo huwaambia watoto wafunge vitabu na wanitajie bahari wanazozijua. Huanza na ghuba ya Wete, wakaenda Mkondo wa Pemba, ambako hapo hapo magharibi yetu chini ni mamia ya mita, halafu wakafika kwenye majina ya ramani. Huwaacha waendelee mpaka wachoke.

Usiku wa Lailatul Qadri nao, ambao kila mwaka tunautafuta kwa kukesha misikitini, Mtume alitoka kuja kutwambia ni upi, akakuta watu wawili wanagombana, elimu yake ikaondolewa. Akasema huenda ikawa ni kheri kwenu. Tungeujua, tungekesha usiku mmoja tu.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike barua ndefu hivi. Msomaji anadhani hatari ni mtu kukiri hajui. Nataka nimkumbushe mwaka 1995.

Nilikuwa msichana. Ile khofu ya Popobawa, jini lililosemekana kuwavamia watu usiku majumbani mwao, ilianzia huku kwetu Pemba, ikavuka hadi Unguja. Sitarudia yaliyokuwa yakisemwa, watu wazima wanayakumbuka. Tulihama ndani. Majamvi yalitandikwa uwanjani, sisi na majirani pamoja, moto katikati, wanawake na watoto ndani ya duara na wanaume pembeni na fimbo na mapanga. Usiku mmoja kokwa la kungu lilidondoka juu ya bati la jirani. Ilikuwa ni popo yumo mkunguni anakula zake. Watu wakapiga mayowe, mtoto mmoja akakanyagwa mkono, na mwanamme wa jirani akatupa jiwe lililompata ndugu yake. Asubuhi kokwa tuliliona, bado bichi, lina alama za meno. Hakuna aliyetaka kulitazama. Na huko Unguja kundi la watu lilimpiga mtu mpaka akafa kwa kumdhania ndiye. Alikuwa ni mgonjwa wa akili.

Nimefikiri sana juu ya nyakati zile. Hazikuwa nyakati za watu waliokubali kwamba kuna wasiyoyajua. Kila mtu alikuwa na jibu. Mganga alikuwa na jibu na bei yake. Wa chama hiki alikuwa na jibu kuwa limeletwa na wa chama kile. Jirani alikuwa na jibu, na jibu lenyewe ni jina la mtu wa mtaa wa pili. Ningetoa chochote kama pale uwanjani angesimama mzee mmoja mwenye kusikilizwa akasema: hatujui ni nini, kwa hiyo hatumpigi mtu, tusome tulale.

Mfano wa kufanya hivyo tulikuwa nao siku zote. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, jua lilipatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Ni baba aliyetoka kumzika mwanawe mchanga, na umma mzima uko tayari kuamini kwamba mbingu zinamlilia. Akasimama akawaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Mkiona hivyo, salini na muombe. Aliwakatalia jibu lililokuwa tayari midomoni mwao, akawaachia ishara wasimame mbele yake wasali. Darasani asubuhi nasomesha kwa tochi na mpira namna mwezi unavyopita kati yetu na jua, chuoni jioni nasomesha sala ya kupatwa kwa jua, na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza lipi kati ya mawili hayo la kweli.

Popo nao, kwa vile nimewataja, niwatetee. Popo wakubwa wa Pemba hawapo pahala pengine popote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebakia wachache mno kwa kuwindwa kwa ajili ya kitoweo na kukatwa kwa misitu. Vijiji vyenyewe viliwalinda, kama Kidike, na leo jioni unaona maelfu wakitoka. Wanaeneza mbegu za miti yetu usiku kucha. Watu waliozoea kusikia bawa gizani na kumtafuta mtu wa kumtuhumu, sasa wanachukua wageni na watoto wa skuli kwenda kuwaangalia.

Na juu ya simu ya msomaji, ambayo ina majibu yote. Mwaka 1937 ungemuuliza mtaalamu yeyote wa samaki duniani juu ya silikanti, angekujibu kwa yakini kwamba alitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita na hakuna kilichobakia ila alama zake kwenye mawe. Desemba 1938 akavuliwa mmoja mzima Afrika Kusini. Mwaka 1952 akapatikana Nzwani, katika visiwa vya Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua na wakimpa jina lao. Na kuanzia 2003 amekuwa akinaswa katika maji ya Tanzania, wengi wao Tanga, ng'ambo ya pili ya mkondo huu huu ninaouona nikisimama bandarini Wete, mpaka pakawekwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Simu inatupa alichojua mtu mpaka jana. Ni neema kubwa, na mimi naitumia kila siku kutayarisha masomo. Lakini mtoto aliyezoeshwa kwamba jibu limo humo na limekwisha, siku akiona wavuni samaki asiyemjua, atamkata vipande auze. Ninamtaka yule atakayesita, amtazame mapezi.

Ombi langu kwa wazazi, akiwemo msomaji wa Mjini, ni dogo. Mtoto akirudi akasema, "Mwalimu kasema hajui," msimdharau mwalimu mbele yake. Muulizeni suali lenyewe lilikuwa nini. Kaeni nalo pamoja naye barazani, mwambieni mnachokijua na mnachokidhani, na mtenganishe viwili hivyo. Kama ni jambo la vitabu, litafuteni. Kama ni katika funguo za ghaibu, ambazo Qurani inasema hakuna azijuaye ila Yeye, ajuaye kila jani linalodondoka, basi mwambieni hivyo bila ya aibu, mkiwa mmekaa vizuri, na si kwa haraka ya kumnyamazisha.

Darasani kwangu pembeni ya ubao tumebandika karatasi ya manila. Huandikwa masuali ambayo mimi na watoto tumeshindwa. Likipata jibu tunalikata kwa wino mwekundu na kuandika tulikolipata. Mengine hayakatwi, na karatasi ikijaa huhamishiwa kwenye karatasi mpya. Wakaguzi wamepita, mmoja akaniuliza kwa nini ninatangaza udhaifu wa darasa. Nikamuomba achague suali moja ajibu. Alisimama pale muda mrefu sana, na alipoondoka alikuwa ameandika la kwake chini.

Kwako Ndugu Mhariri, ombi ni hili: kila wiki tupe pembe ndogo ya gazeti, mistari kumi tu, kwa masuali ya watoto wa skuli za Unguja na Pemba, na wenye elimu waandike, na pale wasipojua waseme hivyo kwa majina yao. Nakuanzia na matatu ya kwenye karatasi yetu. La kwanza: popo akilala miguu juu kutwa nzima, mbona haumwi kichwa? Hili najua lina jibu, na nataka daktari aliandike kwa lugha ya watoto. La pili: nyangumi wanaopita huku kwetu wakati wa kusi, madume yao huimba kwa masaa, wanamwimbia nani? Wataalamu wana dhana zaidi ya moja, zote zichapishwe. La tatu limetoka chuoni, kwa mtoto wa miaka minane, baada ya kusoma aya isemayo kwamba Mwenyezi Mungu huzichukua roho wakati wa kulala: nikiota niko Misali, na mama ananiona nimelala kitandani, mimi niko wapi? Hilo sitegemei atokee wa kulimaliza, lakini naomba lichapishwe vile vile, na jina la darasa lake liwekwe chini.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wa skuli na chuo,
Wete, Pemba